Chelewa Anaishi Hekaluni

Bweni la Wauguzi, chumba namba 9
4 Machi

Kaka,

Salamu nyingi sana. Nimefika salama, nimepokelewa vizuri, nimeshaumwa na baridi mara mbili. Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu moja tu: kila nikikupigia simu nikamtaja ndugu yetu Chelewa, ghafla mtandao unakuwa mbaya. Barua haina mtandao. Utaisoma mpaka mwisho.

Chumba chetu kina vitanda viwili na hita inayokoroma kumshinda marehemu Baba. Kutwa tuko kwenye mashine za kusafisha figo. Wiki ya kwanza yote tulifundishwa kunawa mikono. Miaka tisa nahudumia wagonjwa, nimevuka mipaka yote hiyo kuja kufundishwa kunawa!

Sasa jambo lenyewe. Hekalu liko hapa hapa. Ukisimama dirisha la wodi, ghorofa ya nne, unaona kuba lake jeupe juu ya mapaa. Ni basi moja tu, dakika ishirini na tano. Siku ya kwanza kuliona nilisahau hata nilichotumwa. Nilijiambia: ndugu yangu yumo mle ndani.

Mama amenipa sweta nimpelekee. Kalifuma mwenyewe kwa kupapasa, kwa jinsi macho yalivyo sasa, na kwa kipimo cha mwili wa miaka kumi na moja iliyopita. Kama kanenepa itabidi alivae shingoni. Uwanja wa ndege alinishika mkono akaniambia, "Mwambie simkasirikii tena. Aliyemchukua ni Mungu, na mimi na Mungu hatugombani."

Jumapili ya tarehe 15 nakwenda. Nieleze tu niulizie mlango gani, na jina gani, maana ulisema wakiingia wanapewa jina jipya. Mlikwenda wawili kubandika marumaru, ukarudi peke yako ukatuambia kazi ilipokwisha yeye alibaki ndani, amevaa nyeupe, ameiacha dunia. Wewe ndiye uliyemuona mwisho, na salamu zake za kila mwaka zinapitia kwako. Nijibu haraka.

Mdogo wako


Nyumbani
16 Machi

Mdogo wangu Daktari,

(Nakupandisha cheo, wakikuuliza sema ni mimi.)

Barua yako nimeipata. Ile ya Mama uliyoitia ndani yake nimemsomea sikioni kwa sauti kubwa, unajua masikio yake, mpaka jirani yetu fundi cherehani akasimamisha mashine yake asikilize. Walicheka sana hapo kwenye kunawa mikono. Mama hajambo. Mguu unavimba jioni lakini dawa anakunywa.

Mimi nipo na mabomba yangu. Wiki nzima nimelala chali chini ya masinki ya shule ya wasichana, maji yote ya uchafu ya nchi hii yamenipitia usoni. Sehemu moja wananiomba nipande juu ya dari kufunga tanki, nikawaambia watafute mwingine.

Kuhusu safari yako ya hekaluni, mdogo wangu, iache. Wale watu hawapokei wageni wa kifamilia. Wana sheria zao kali. Hata barua hawaandiki, ndiyo maana salamu zinapitia kwa watu. Halafu nilisikia alihamishwa, wana tawi lingine mbali sana huko, mlimani. Utapoteza Jumapili yako bure na kumsumbua mtu aliyechagua utulivu. Wewe soma. Umepelekwa kusoma, mashine zile wagonjwa wetu wanazingoja.

Mama asijue kwamba umeghairi. Nitamwambia sweta limefika.

Kaka yako


Bweni la Wauguzi
29 Machi

Kaka,

Barua zetu zimepishana. Yako nimeikuta kwenye kisanduku juzi, mimi nilishakwenda tarehe 15.

Ngoja nikueleze mahali penyewe kwanza, maana nadhani wewe uliliona likiwa na mbao na vumbi tu. Sasa ni bustani kubwa, majani yamekatwa sawasawa kama zulia. Kila mti una kibao cha jina lake. Kuna bwawa refu la maji mbele, hayatikisiki, kuba zima limelala ndani yake kichwa chini. Viatu unavua mlangoni unapewa namba. Ndani hakuna picha, hakuna sanamu, ni marumaru nyeupe na kioo na ukimya. Watu wanakaa chini, wanafumba macho, wanalia polepole, wanaondoka. Nilikaa na mimi. Nilishika marumaru ya ukutani nikawaza, hii labda kaibandika yeye.

Anayetembeza wageni ni mama mmoja mwalimu mstaafu, mpole. Nikamweleza habari yangu. Akaniuliza jina la ukoo, umri, urefu. Akaenda kuwaita wenzake wawili. Wakaulizana, wakatikisa vichwa. Wanaoishi hapo ni watu arobaini na moja, wote anawajua, hakuna hata mmoja anayetoka kwetu na hajawahi kuwepo. Nikamwambia nimesikia kuna sheria ya kutoandika barua. Akashangaa. Akanionyesha sanduku la posta lao pale kwenye korido, limejaa barua za watu kwa mama zao.

Na tawi lako la mlimani, Kaka, halipo. Nimempigia mwalimu yule makusudi jana baada ya kukusoma. Hekalu ni hilo moja tu nchi nzima.

Kuna chumba cha maonyesho kinachoeleza ujenzi. Ukuta mmoja ni picha. Nikawaona. Wewe na Chelewa juu ya jukwaa, mmefunga vitambaa kichwani, yeye ameachama anacheka, wewe umemshika mkanda wa suruali kwa nyuma kama mbuzi asiyetulia. Nilicheka peke yangu mle ndani watu wakaniangalia. Kisha nikaomba kiti, nikakaa mbele yake. Ukuta wa pili kuna majina, ya waliochangia. Ya waliojenga hakuna.

Mwalimu akaniambia kwa fahari, "Jengo hili lilisimama bila tone la damu." Sijui kwa nini aliniambia hilo. Mimi sikuwa nimeuliza.

Chelewa yuko wapi? Niambie sasa, nimekaa kitako nangoja.

Mdogo wako


Nyumbani
9 Aprili

Mdogo wangu,

Tafadhali usimuulize mtu mwingine huko.

Nilikuwa namfichia aibu. Aliondoka pale hekaluni zamani. Alipata mwanamke, wakahamia mji mwingine, sina anwani. Sikutaka Mama asikie kwamba alimwacha Mungu pia, baada ya kumwacha yeye. Huo ndio ukweli wote. Salamu za kila mwaka nilikuwa natunga mimi, nakiri, lakini ni kwa ajili ya Mama, wewe mwenyewe unaona anavyokunjuka uso akizisikia.

Yatosha hayo. Lisitoke kwetu wawili. Juzi kaniomba nimsomee tena barua yako ya kwanza kwa ajili ya neno hilo moja, "hekalu".

Kaka yako


Bweni la Wauguzi
24 Aprili

Kaka,

Nilirudi. Si kuuliza mtu, nilirudi kuiangalia picha tu. Nilikuwa nimesimama mbele yake, akapita mzee mmoja na toroli la majani makavu, mtunza bustani. Akanitazama, akaitazama picha, akaweka kidole pale pale kwenye uso wa ndugu yetu, akasema, "Chelewa."

Hivyo hivyo alivyosema, kama sisi. Jina la kutaniwa nyumbani, la mtoto aliyezaliwa wiki mbili nyuma ya siku zake. Mtu wa nchi hii kalijua vipi kama si kutoka kinywani mwake?

Lugha yake naipata nusu nusu, lakini mambo mengine hayahitaji lugha. Akanishika mkono tukatoka nje, tukazunguka nyuma ya hekalu, upande ambao jua halifiki. Kuna tuta la maua madogo ya zambarau. Akanyoosha mkono juu, ukingoni mwa kuba. Akaushusha mkono taratibu mpaka kwenye yale maua. Akasema walipaosha kabla watu wa sherehe ya ufunguzi hawajaanza kufika. Maua kayapanda yeye, hakuna aliyemtuma, na kila mwaka wakubwa wake wanamuuliza kwa nini hapo pasipo na jua.

Wewe pia anakukumbuka. "Kaka yake," akasema, "alikaa chini hapa hapa, ameshika kiatu kimoja, hakubali kukitoa."

Nilimwomba anipeleke alikozikwa. Tukaenda kesho yake, mabasi mawili. Ni makaburi ya manispaa, sehemu ya wasio na ndugu. Ofisini yuko binti mmoja na kompyuta. Mzee alikuwa ameihifadhi namba ya kaburi kwenye karatasi ndani ya kofia yake. Binti akaiandika, akangoja, akasema kwa adabu kabisa kwamba eneo hilo mtu hupewa miaka kumi. Asipotokea ndugu, hutolewa, nafasi anapewa mwingine. Chelewa alitolewa mwaka jana mwezi wa nane. Walipompeleka hakuna alama.

Nikauliza, "Kama ningekuja mwaka jana mwezi wa saba?"

Akasema, "Ungetia saini tu, wangemwacha."

Sweta nimempa mtunza bustani. Alikuwa mtu pekee, ukiacha wewe, aliyekwenda kumzika. Limemkaa vizuri.

Usiniandikie habari za mwanamke tena. Niandikie kilichotokea.

Mimi


Nyumbani
6 Mei

Mdogo wangu,

Nimeianza barua hii mara nne.

Ilikuwa imebaki wiki moja hekalu lifunguliwe. Tulikuwa tunamalizia mkanda wa mwisho wa marumaru chini ya kuba, mimi na yeye jukwaa moja. Bamba moja lilikuwa kubwa, halipiti kwenye nguzo za jukwaa. Nikafungua vibano viwili vinavyokaza nguzo hizo nilipitishe. Likapita. Nikasema nitavirudisha nikishalikalisha. Wakati huo wakatuita chai. Nikateremka. Yeye alikuwa chini tayari, kama kawaida yake alichelewa asubuhi na msimamizi alishamkaripia. Kwa hiyo hakunywa chai. Alipanda peke yake afidie muda.

Nilikuwa na kikombe mkononi. Sikumuona akianguka. Nilisikia tu, na nikajua kabla sijageuka, kwa sababu mkono ulikumbuka vibano kabla ya kichwa.

Msimamizi aliniita kwenye kibanda chake cha mabati. Mezani karatasi mbili. Akaniambia hii moja inasema wewe ndiye uliyefungua, utakwenda jela ya hapa na hutaiona familia yako. Hii nyingine inasema huyu fundi aliacha kazi wiki iliyopita kwa hiari yake, hatumjui aliyeanguka. Akatoka nje akaniacha nichague. Nilitia saini ya pili. Ndugu yangu akazikwa kama mtu asiyejulikana na mimi nimesimama pale, namjua.

Kwenye ndege nilipanga kusema. Naapa nilipanga, na maneno nilikuwa nayo. Mama alifungua mlango, akaangalia nyuma yangu, akauliza, "Chelewa yuko wapi?" Mdomo wangu ukasema, "Amebaki hekaluni." Nilitaka kuendelea. Lakini alicheka. Alisema, "Huyo? Aliyekuwa akisinzia tukisali?" Alicheka mpaka akajishika mlango. Nikakosa pa kuanzia. Kesho yake alikasirika, keshokutwa akalia, mwezi ulipoisha akawa anawaambia majirani kwa kujivuna. Ningemnyang'anya lini?

Unaniuliza kwa nini sikurudi kumtafutia hata alama ya kaburi. Hujaniuliza, lakini najua. Sikuwa najua habari ya miaka kumi. Na kama ningejua, sijui kama ningekuja. Sijapanda hata ngazi ya kubadilisha taa tangu siku ile. Nimejifunza kazi ya chini ya masinki nikiwa mtu mzima, wenzangu wakinicheka.

Sasa wewe unajua. Ufanye unavyoona, lakini mwache Mama. Ana miaka sabini na sita.

Kaka yako


Bweni la Wauguzi
19 Mei

Kaka,

Nimeisoma barua yako kazini, chooni, nimefunga mlango. Sikukasirika kama nilivyotaka kukasirika. Nilikuwa nakuona umekaa na kile kiatu.

Lakini Mama ameishi miaka kumi na moja akifuma masweta ya mtu aliye ardhini. Anamwombea arefushiwe maisha, Kaka. Kila jioni, namsikia tangu niko chuo cha uuguzi. Ana haki ya kumlilia mwanawe. Angejua mapema, leo mtoto wake angekuwa na kaburi. Siwezi kurudi mwezi wa tisa nikae naye kitandani nimdanganye usoni, nikianza sitamaliza, kama wewe hujamaliza.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yake. Ni ukurasa mmoja. Nimeandika kwamba Chelewa alianguka kazini, kwamba alikufa pale pale, kwamba hakuna kaburi. Vibano sikuvitaja. Hivyo ni vyako, utasema mwenyewe ukiweza.

Msomee yote, usiruke neno. Nisipopata jibu lake mpaka katikati ya Juni, nitamwomba fundi cherehani amsomee.

Naumia kukuandikia hivi. Bado wewe ni kaka yangu.

Mdogo wako


Nyumbani
8 Juni

Mwanangu,

Anayeandika ni jirani yetu fundi cherehani, maneno ni yangu.

Kaka yako amenisomea. Alikuja siku ya Jumatano asubuhi akiwa amenyoa ndevu. Alisimama katikati ya chumba akasoma kwa sauti, kwa sababu ya masikio yangu, mtaa mzima ukasikia. Nikamwambia arudie. Akarudia. Alipomaliza hakukaa. Akanieleza na yale ambayo wewe hukuandika, ya vile vibano.

Nikamuuliza, "Zile salamu za kila mwaka, alikuwa anatuma nani?"

Akasema, "Mimi, Mama."

"Na ile ya mwaka wa mafuriko, aliposema ameniota nikiwa nimevaa kitenge kipya?"

"Hiyo pia ni mimi."

Nikamwambia, "Toka."

Mwanangu, nilimaanisha atoke chumbani. Nilitaka nilie peke yangu kidogo, kisha nimwite aje ale. Nilisikia mlango wa nje. Nilifikiri amekwenda kukaa barazani. Nilipomwita hakuitika, nikasema ni masikio yangu.

Leo ni siku ya tano. Simu yake iko mezani. Begi la spana liko pale anapoliwekaga. Fundi cherehani kazunguka kwa wateja wote wa kaka yako, shuleni, hospitali, hakuna aliyemuona. Polisi wameandika jina lake kwenye kitabu wakatuambia mtu mzima akitaka kuondoka anaondoka.

Umesema nilikuwa na haki ya kujua. Ni kweli. Sikulaumu, mimi ndiye niliyekutuma kule na sweta. Lakini nikuambie jinsi ilivyo. Mwezi wa pili nilikuwa na wana wawili wa kiume, mmoja anasali na mwingine anaziba mabomba. Sasa nakaa mezani na wewe hupo, na sahani moja inatosha.

Maliza masomo yako. Urudi.

Mama

*

Dada, hapa chini naandika mimi, fundi cherehani. Yeye hajui kama nimeongeza.

Nilipeleka barua hii posta Jumatatu nikakuta wamefunga, kisha sikuweza kumwacha Mama peke yake, ndiyo maana leo ni tarehe 14 na bado ninayo. Siku hizi zote Mama hakutia kitu mdomoni ila maji. Amelala uso ukutani. Daktari wa zahanati alikuja, akasema asipokula tumpeleke hospitali, na hospitali kakataa kwenda, anasema mwanawe akirudi atakuta nyumba imefungwa.

Jana jioni sikuweza tena. Nilikaa kitandani kwake nikamwambia sikioni kwamba kuna mteja wangu anayesafiri, amemuona kaka yako mji wa pili. Nikasema amepata kazi kwenye hoteli inayojengwa, mabomba mengi, ndiyo maana haji. Nikasema ametuma salamu.

Akageuka. Akaniuliza kama amekonda. Nikasema kidogo. Akaomba uji, akanywa bakuli zima.

Hakuna mteja, dada. Hakuna aliyemuona popote.

Leo asubuhi kaniuliza salamu nyingine zitakuja lini, nami nimeshamjibu. Nakuomba, ukiandika, usimwambie.